Jinsi ya Kutengeneza Filamu ya Mapenzi Kuhusu Msanii Anayetongoza kwa Kazi Yake: Mwongozo Kamili

Katika filamu zetu nyingi za mapenzi, kazi ya kijana hupachikwa tu. Tunaambiwa ni mchoraji, tunaonyeshwa brashi mara moja, halafu brashi inatoweka hadi filamu inakwisha. Mapenzi yanakwenda njia yake na sanaa imebaki ukutani. Mwongozo huu unashika njia nyingine: kutongoza kufanyike kwa kazi yenyewe, na siku ya kujifunga ikifika, ahadi idai kitu kutoka kwenye kazi hiyohiyo. Mtu asiyepoteza chochote cha usanii wake kwa ajili ya mpenzi wake hajaahidi kitu.

Nitashika mfano mmoja tangu mwanzo hadi mwisho: filamu fupi ya dakika 15 kuhusu mtunzi wa misemo ya leso (kanga) wa Mombasa na fundi cherehani. Wahusika ni wa kubuni, mji na kazi ni vya kweli. Ukitaka filamu ya dakika 90, hatua ni hizi hizi, ila mifuko itatoboka zaidi.

Hatua ya 1: Tafuta kazi kabla ya kutafuta wapenzi

Kazi inayofaa filamu ya namna hii lazima ionekane mikononi. Mwandishi wa riwaya hukaa mezani akatazama dirisha, na kamera haina la kufanya naye. Mchonga milango, mchora hina, mpishi wa harusi, fundi wa udi na kinanda, hao wana mikono ya kupigwa picha. Pili, kazi iwe na siku ya kukabidhiwa, maana tarehe ndiyo inayowasukuma watu. La tatu ndilo zito kuliko yote: kazi itoke hadharani. Kinachofanyika kati ya watu wawili kiwe na njia ya kufika sokoni.

Leso ina yote matatu. Kila leso ina pindo linaloizunguka, mji ulio katikati, na jina, yaani ule msemo ulioandikwa ndani ya kisanduku upande wa chini. Huuzwa kwa doti, vipande viwili vilivyoungana, kila kimoja kikiwa na upana wa takriban sentimita 150 na kimo cha 110. Mnunuzi hupeleka kwa fundi vikakatwa na kukunjwa upindo. Barabara ya Biashara, Mombasa, ndipo watu wanapokwenda kuchagua, na huko ndiko kulikotoka leso za Kaderdina zenye alama ya "Mali ya Abdulla" zinazojulikana pwani nzima.

Jina la leso ndilo roho ya biashara hiyo. Mwanamke akimnunulia jirani leso iliyoandikwa "Naogopa simba na meno yake, siogopi mtu kwa maneno yake", ugomvi umeshatangazwa na hakuna aliyefungua mdomo. Akijifunga "Japo sipati tamaa sikati" mbele ya mtu fulani, mtu fulani ameelewa. Sasa fikiria anayetunga misemo hiyo. Huyo anatongoza, anatukana na kuombea watu msamaha kwa niaba ya wanawake asiowajua, na analipwa. Mhusika gani mwingine unamtaka?

Kabla ya kuandika hata mstari mmoja, kakae na wenye kazi. Usiwaulize habari za mapenzi, waulize habari za makosa: mteja hurudisha mzigo kwa sababu gani? Kitu gani hufanywa haraka na kitu gani hakikubali haraka? Nani hulipwa mwisho? Majibu ya maswali hayo ndiyo yatakayokuandikia maonyesho.

Hatua ya 2: Funga fundo kwa sentensi mbili

Filamu yetu ni hii. Sudi, anayetunga majina ya leso, anamtongoza Zuhura, fundi cherehani aliyeachika, kwa kumletea misemo aihukumu. Siku moja Zuhura anamwambia neno la siri kuhusu maisha yake, Sudi analiuza kama jina la leso, na pwani nzima inalivaa.

Ijaribu sentensi yako hivi: mbadilishe Sudi awe muuza simu. Hadithi ikisimama bado, hujafunga fundo, rudi hatua ya 1. Hapa haisimami. Kipaji cha Sudi ndicho kilichomvuta Zuhura, na kipaji hichohicho ndicho kilichomwibia. Kutongoza, ubunifu na ahadi vimekuwa jambo moja, na wewe umeepuka kuandika filamu tatu ndani ya moja.

Hatua ya 3: Mpe anayetongozwa ujuzi wake

Mtongozaji ni rahisi kuandika. Ana maneno, ana tabasamu, ana shati lililopigwa pasi. Nguvu zako zipeleke kwa Zuhura. Akiwa mrembo aliyekaa anasubiri kupendwa, filamu imekufa ikingali karatasini.

Zuhura anajua jambo ambalo Sudi halijui. Wanawake wakingoja leso zao zishonwe huzungumza, na fundi husikia kila kitu: leso hii ni ya mke mwenza, hii ni ya mkwe, hii ni ya mume aliyeanza kuchelewa kurudi. Kwa hiyo anafahamu ni msemo gani utauzika na upi utakaa rafuni, kuliko mwenye duka mwenyewe. Sudi anamhitaji kikazi kabla hajamhitaji kimapenzi, na hapo ndipo usawa wao unapotokea. Hofu yake ni kusemwa. Alipoachika alisemwa vya kutosha.

Mtu wa tatu awe mwenye duka, mzee mwenye heshima aliyekwisha toa malipo ya awali na anayetaka msemo mpya kabla ya msimu wa sikukuu. Usimfanye shetani. Na tafadhali, mama mkwe mwenye hila apumzike kidogo, amefanya kazi nyingi mno katika filamu za Afrika Mashariki.

Hatua ya 4: Andika maonyesho ya kutongoza bila neno "nakupenda"

Yaandike matatu, kila moja likimsogeza mmoja wao hatua isiyorudishika. La kwanza liwe juu ya kazi tupu. Huu ni mfano:

NDANI. KIBANDA CHA USHONI – MCHANA

*Zuhura anakunja upindo. Sudi amesimama mlangoni, karatasi mkononi.*

ZUHURA: Ingia, ama niondokee mwangani.

SUDI: Nimeleta jina, Bi Zuhura. Nataka ulisome kabla mzee hajalipeleka kiwandani.

ZUHURA: Mimi nashona. Watasoma watakaonunua.

*Sudi anaiweka karatasi juu ya meza ya cherehani. Zuhura anaendelea kushona hadi kitambaa kinaigusa karatasi. Analisimamisha gurudumu kwa kiganja. Anasoma.*

ZUHURA: "Njoo ukiwa na nia usije ukiwa na njaa." Refu.

SUDI: Refu?

ZUHURA: Mtu akijifunga, ncha mbili zitapotelea mbavuni. Nyuma patabaki "na nia usije". Umemfukuza mwenye nia.

*Sudi anaitazama karatasi. Anacheka.*

SUDI: Basi nipunguzie.

ZUHURA: Mkasi wangu hukata kitambaa. Maneno kata mwenyewe.

*Anazungusha gurudumu. Karatasi imebaki mezani kwake.*

Tazama kilichotokea. Hakuna aliyesifu macho ya mwenziwe. Zuhura ameonyesha ujuzi, Sudi amekubali kukosolewa, na kiganja kilichosimamisha gurudumu ndicho ruhusa ya kwanza. Mtazamaji wa pwani ataelewa kila kitu, maana amekulia kwenye mafumbo. Onyesho la pili litoke kwake Zuhura: amrudishie karatasi imekunjwa ndani ya leso aliyoshona, na neno moja limefutwa kwa chaki. La tatu liwe barazani jioni, kazi imekwisha na hakuna tena kisingizio cha kukaa.

Harufu ya udi na kikuba cha asumini vina nafasi yao, lakini kimoja kinatosha. Filamu ikianza kunukia kila kitu inageuka tangazo la hoteli.

Kuna jambo moja nalikatalia kabisa: lile onyesho ambapo msichana anakataa, kijana anamfuata, anakataa tena, kijana anamzibia njia, hatimaye anatabasamu. Huko ni kusumbua. Katika skripti yako anayetongozwa awe na mlango wa kutokea, autumie angalau mara moja, na mtongozaji amwache aende. Mvuto unatokana na kwamba angeweza kuondoka na akarudi kwa miguu yake.

Kitanda hakihitajiki. Nchini Kenya filamu hupewa daraja na Bodi ya Uainishaji wa Filamu kabla ya kuonyeshwa kwa umma, na madaraja ni GE kwa watu wote, PG kwa watoto wenye mwongozo wa wazazi, 16 na 18. Ukiandikia GE au PG unawapata mama zetu na shangazi zetu, ambao ndio wajuzi wa leso. Kuwapoteza kwa ajili ya shuka moja ni hasara.

Hatua ya 5: Andika wizi, kaa hapo

Hii ndiyo filamu yenyewe. Ningeshauri uanze kuandika onyesho hili kabla ya mengine yote, kisha urudi nyuma kuandaa njia ya kulifikia.

Barazani Zuhura anasema, bila kumtazama: "Nimezoea kuachwa, sijazoea kurudiwa." Hajasema ili liwe zuri. Limemtoka. Sudi ananyamaza, na huo unyamavu lazima uwe na nyuso mbili: mwanamume aliyeguswa, na mtunzi aliyesikia jina la leso. Mwambie mwigizaji wako acheze zote mbili kwa wakati mmoja. Ikionekana moja tu, rudieni.

Usiku anaandika. Anafuta. Anaandika tena. Hapa mpe sababu ya kweli, kwa maana mwizi asiye na sababu hapendeki. Mzee wa duka anasubiri, misemo mingine yote ni mibovu, na Sudi anaamini kwa dhati kwamba kulichapisha neno lile ni kumheshimu aliyelisema. Msanii yeyote anayetazama atajigundua kwenye kiti chake.

Kisha tumia utaratibu wa biashara. Leso nyingi huchapishwa mbali, India kwa mfano, na kati ya mchoro kuondoka na mzigo kufika kuna wiki za kungoja. Wiki hizo ndizo raha ya wapenzi wetu: wanakula mahamri, wanatembea Mji wa Kale, Sudi anakaribia kusema ukweli mara mbili na hasemi. Mtazamaji anajua kuna meli njiani. Huhitaji muziki wa kutisha.

Zuhura atagundua vipi? Asisimuliwe na shoga yake, wala asione simu ya Sudi. Mteja anakuja na doti sita mpya za kushonwa kwa ajili ya harusi. Zuhura anakunjua ya kwanza. Anasoma maneno yake mwenyewe. Mteja anasema, "Zuri, eh? Mji mzima wanalitaka." Zuhura anajibu kwamba zitakuwa tayari Alhamisi. Halafu anashona. Vipande kumi na viwili, jina lilelile likipita chini ya sindano, na hakuna mazungumzo. Lipe onyesho hili dakika mbili nzima kati ya dakika zako 15. Mhariri atakuomba ulifupishe, mkatalie.

Hatua ya 6: Ahadi iwe na bei

Mwandishi mvivu atamleta Sudi na maua, ataomba radhi kwenye mvua, na arusi ifuatie. Kwetu pia mambo hayaendi hivyo: posa hupelekwa na wazee au mshenga, wakapokewa, wakaambiwa wangoje jibu. Utumie utaratibu huo, una tamthilia ndani yake. Sudi anamtuma mshenga na doti mpya yenye msemo mtamu kuliko yote aliyowahi kutunga. Zuhura anairudisha haijakunjuliwa. Maneno ndiyo yaliyomdhuru, sasa analetewa maneno zaidi.

Anachotaka ni kigumu zaidi ya mahari. Neno lolote litakalotoka kinywani mwake lisiende kwa mzee wa duka bila idhini yake, na fedha za lile lililokwisha uzwa zigawanywe nusu kwa nusu. Kwa mtunzi hilo ni kubwa. Anapoteza chemchemi yake iliyo karibu kuliko zote, na anakiri kwamba msemo uliompatia jina haukuwa wake.

Harusi unaweza kuionyesha kwa sekunde kumi, bibi harusi katika kisutu, leso ya maharusi, inatosha. Mtihani uje baadaye, siku ya kawaida. Wameoana, cherehani inazunguka, Zuhura anasema jambo lenye ladha bila kujua. Penseli ya Sudi inainuka. Anauliza, "Naweza?" Anajibiwa, "Hapana." Penseli inashuka. Hapo ndipo tunapojua kama ndoa ipo.

Hatua ya 7: Skripti

Ukurasa mmoja uliopangwa vizuri ni takriban dakika moja ya filamu, basi lengo lako ni kurasa 15. Kila onyesho lianze na NDANI au NJE, mahali, na wakati. Andika kinachoonekana na kinachosikika tu. "Zuhura anahisi kusalitiwa" haipigiki picha, ila "Zuhura anakata uzi kwa meno ingawa mkasi uko mkononi" inapigika. Kisha soma kwa sauti na watu wa Mombasa. Kiswahili cha pwani kina adabu na kejeli zake, na mwigizaji wa bara akikisema vibaya watu watacheka mahali pa kulia.

Hatua ya 8: Mahali, ruhusa na vifaa

Mnahitaji sehemu nne tu: kibanda cha fundi, chumba cha Sudi, baraza, duka. Zikiwa karibu, mtahama kwa miguu. Pateni leseni ya kurekodi filamu mapema, mjulishe serikali ya kaunti mkitumia barabara, na kila mwenye nyumba au duka atie saini barua ya ruhusa. Mkitamani Fort Jesus, ombeni kwa Makumbusho ya Taifa ya Kenya. Mimi ningeiacha, imepigwa picha ya kutosha na hadithi yetu haina askari wa Kireno.

Leso zenyewe msinunue zilizopo mkabadilisha maneno, kwa kuwa michoro ina wenyewe. Chora yako. Kiwanda hakitakubali oda ndogo, hivyo tafuta mtu anayechapa fulana kwa wavu na rangi, mpe pamba nyepesi, achape doti sita za onyesho la kushona na mbili za akiba. Mwigizaji wa Zuhura lazima ajifunze cherehani ya miguu kwa muda wa kutosha kabla ya siku ya kwanza. Mikono haidanganyi kwenye picha ya karibu.

Epukeni Aprili na Mei, masika ya pwani yatawameza.

Hatua ya 9: Kurekodi

Timu ndogo inaweza kumaliza kurasa tatu au nne kwa siku, kwa hiyo pangeni siku tano. Umeme wa Kenya ni wa hezi 50. Rekodi kwa fremu 25 kwa sekunde na kasi ya shata ya 1/50 ya sekunde, la sivyo taa za ndani zitakuwa zinapepesa kwenye picha na hutaziona mpaka umefika nyumbani.

Karibu na ikweta jua huzama upesi. Mwanga ule laini wa onyesho la barazani hudumu dakika ishirini hivi, basi fanyeni mazoezi mchana kutwa, kamera iwe imetegwa mapema, na saa kumi na mbili kasoro rekodini mfululizo bila kubadilisha upande mara nyingi. Mkishindwa, kesho ipo. Msijaribu kuuiga kwa taa.

Kwa onyesho la kutongoza, anza kwa mikono, kisha kazi, na uso uje mwisho. Lenzi ya milimita 50 au 85 iliyokaa mbali kidogo inawapa waigizaji nafasi ya kupumua. Kila mguso, hata wa vidole, ukubaliwe na waigizaji wote wawili kabla, mbele ya mwongozaji, na asiye na kazi atoke chumbani.

Sauti ndiyo inayoziangusha filamu zetu kuliko picha. Maikrofoni ndogo ya kifuani kwa kila anayesema, nyingine ya fimbo juu, na kinasa sauti kiwekwe kilohezi 48. Mji wa Kale una tuktuk, adhana na paka, pangeni kwa kuzingatia nyakati za sala badala ya kugombana nazo. Mwisho wa kila mahali nyamazeni nyote, mrekodi ukimya wa chumba kwa dakika moja. Cherehani irekodiwe peke yake, kwa mwendo wa pole, wa haraka, na wa kusimama ghafla.

Hatua ya 10: Uhariri na muziki

Hariri onyesho la vipande kumi na viwili kwanza, bila muziki wowote. Likisimama kwa mlio wa cherehani tu, filamu ipo. Lisiposimama, wimbo hautaliokoa.

Kishawishi cha kuweka taarab ya zamani kitakuja. Taarab imekuwa ikisema mapenzi kwa mafumbo tangu enzi za Siti binti Saad, aliyerekodi santuri zake huko Bombay mwaka 1928, na inakaa vizuri na leso. Lakini wimbo una mtunzi na rekodi ina mwenyewe, na tamasha lolote la maana litataka karatasi za haki. Ni nafuu kumlipa mpiga udi mmoja akupigie kitu kipya kwa nusu siku, mkaandikiana. Filamu inayolalamikia neno lililochukuliwa bila ruhusa haiwezi kubeba wimbo wa wizi.

Matamasha mengi huhesabu filamu kuwa fupi ikiwa haizidi dakika 40, hivyo dakika 15 ni salama, na waratibu huzipenda kwa sababu zinaingia kwenye ratiba. Tamasha la Kimataifa la Filamu la Zanzibar, linalofanyika tangu 1998, ni mahali pa kuanzia kwa hadithi ya pwani. Kabla ya kuituma, kaa na mafundi cherehani wawili watatu wa Mombasa, uwaonyeshe kwenye laptop, na usiwaeleze lolote. Wakisema upindo umekunjwa upande usio, rudi ukarekodi picha hiyo ya mikono upya. Kazi yenyewe ni ya asubuhi moja.